Bwana Famau na Breki za Upepo

Kitu cha kwanza kuonekana kwa Bwana Famau Madi kilikuwa kucha zake. Mtu aliyeambiwa, "Nenda Mokowe, muulize fundi wa magari," alitarajia kukuta vidole vyeusi kwa grisi, naye alikuta mikono safi kama ya mwalimu wa chuo cha Kurani. Kabla ya kila sala Bwana Famau alikaa juu ya kigoda mlangoni mwa banda lake la makuti, akavisugua vidole kwa majivu na nusu ya ndimu, ukucha mmoja mmoja, bila pupa, hata kama mwenye lori alikuwa amesimama mbele yake akihema kwa haraka zake. "Grisi haizuii lori kwenda," alizoea kusema, "lakini udhu huuzuia."

Watu wa Lamu walimtania kwamba amechagua ufundi wa magari katika nti isiyo na magari. Hawakuwa mbali na kweli. Mtu aliweza kuzaliwa mtaa wa Mkomani, akaoa, akazeeka na kuzikwa bila kusikia honi hata siku moja. Magari yaliishia Mokowe, upande wa bara, gatini. Na hata huko hayakuwa mengi: malori ya pamba, basi la Malindi pale barabara ilipokuwa kavu, na gari la serikali mara moja kwa mwezi. Siku zilizobaki Bwana Famau alitengeneza pampu za maji, cherehani, na saa za ukutani.

Alikuwa mzaliwa wa Siyu, katika nyumba ya mafundi wa ngozi. Mwaka 1941 baba yake alimtuma Mombasa na mzigo wa viatu vya makubadhi vya kuuza. Makubadhi yaliisha kwa siku nne, lakini Famau hakurudi. Alipata kazi ya kufagia katika karakana ya malori ya jeshi, na huko fundi mmoja mkali aitwaye Obeid akamwona akiokota skrubu zilizoanguka na kuzipanga kwa ukubwa wake. Akamwita, akamfunza miaka mitano. Famau alirudi mwaka 1946 baada ya baba yake kufariki, akiwa na sanduku la spana na elimu ambayo hapakuwa na mtu wa kubishana naye juu yake, kuanzia Witu mpaka Kiwayu.

Elimu hiyo ilijaribiwa mwaka 1957, mwezi wa Shaaban, gari la Daktari Kamaludin lilipofika.

Gari lenyewe lilikuwa nyumba. Wakati wa vita lilikuwa ofisi ya kutembea ya maofisa wa jeshi. Sasa Daktari Kamaludin, tabibu wa macho aliyekuwa na nyumba ya wagonjwa Malindi, alikuwa amelinunua na kulitia vitanda vinne, kabati la dawa, jiko dogo, na mapazia ya kijani aliyoyashona mkewe. Lilikuwa na magurudumu sita na urefu wa msikiti mdogo. Watoto wa Mokowe walilizunguka siku nzima, na wanawake waliotoka Lamu kwa ajili ya macho yao walivua viatu kabla ya kupanda, kama waingiavyo nyumba ya mtu.

Kwa muda wa wiki moja Daktari aliwatazama watu zaidi ya mia mbili. Sita kati yao walikuwa na mtoto wa jicho aliyekomaa, wa kukatwa. Hao alitaka kurudi nao Malindi katika gari lake, maana kwa basi wasingeweza. Mmoja wa sita hao alikuwa Bi Hadia, mama yake Bwana Famau.

Bi Hadia alikuwa hajaona kitu kwa miaka mitatu. Mjukuu wake Twahira, binti wa Famau, alizaliwa katika miaka hiyo. Alimjua kwa kumpapasa. "Pua ya babu yake," alisema, "masikio sijui ameyatoa wapi. Nikipata mato yangu nitawauliza wenyewe."

Lakini gari lilikuwa na ila. Wakati wa kuja, pale Garsen, lilipokuwa likiteremka kwenye kivuko cha mto Tana, dereva alikanyaga breki mara tatu zikashika, na mara ya nne mguu ukaenda mpaka chini bila kitu. Alivuta breki ya mkono kwa mikono miwili, akalipindia gari kwenye rundo la mchanga. Gurudumu la mbele lilisimama hatua chache kutoka majini. Dereva huyo alikuwa Jeilani, mtu wa Mkokoni, mrefu, mwenye miaka kama arubaini na maneno mengi.

Siku ya Jumapili Daktari alimwita Bwana Famau, akamkaribisha kahawa ndani ya gari, akamweleza yote.

"Bwana Famau," akamaliza, "mimi sitapakia watu wasioona katika gari lisilosimama. Gari likienda mrama, anayeona ataruka. Hawa wataruka wapi?"

"Kweli, Daktari."

"Alhamisi ndiyo siku yangu ya mwisho. Umeyaona mawingu. Mvua ikianza, Garsen hapapitiki mpaka mwezi wa saba. Nami mwaka ujao sijui kama nitakuwa na nguvu za safari hizi. Ukiniambia gari ni zima, tutakwenda sote. Ukiniambia si zima, nitaondoka peke yangu na Jeilani, polepole, na hao sita nitawaachia dua."

Bwana Famau alitoka na kahawa yake haijaisha. Siku nne, naye ndiye atakayesema, na mmoja wa atakaowasemea ni mama yake.

Breki za gari lile hazikuwa za mafuta kama za malori madogo. Zilikuwa breki za upepo. Injini huendesha pampu; pampu husindilia upepo ndani ya tangi la chuma lililofungwa chini ya gari; dereva akikanyaga pedeli, upepo hutoka tangini, hupita katika paipu, hufika kwenye kila gurudumu na kuzisukuma breki zishike. Akiachia, upepo uliotumika hutoka nje kwa sauti ya mtu anayepumua baada ya kutua mzigo. Mbele ya dereva kuna geji ya kuonyesha upepo uliomo. Upepo ukiisha, hakuna breki. Fundi Obeid alikuwa akiwaambia wanafunzi wake kwamba breki za mafuta ni mkono wako, breki za upepo ni akiba yako.

Jumatatu asubuhi Bwana Famau alitia magogo mbele na nyuma ya magurudumu, akamwomba Jeilani awashe injini, akaketi kuitazama geji. Mshale ulipanda upesi. Dakika mbili hazikutimia ukawa umefika tisini.

"Pampu ina nguvu, mashallah," akasema Famau.

"Gari hili ni farasi," akajibu Jeilani. "Tatizo ni fundi."

Wakazima injini. Jeilani akakanyaga mara moja: mshale ukaanguka mpaka sabini. Mara ya pili, hamsini. Mara ya nne haukufika hata ishirini, na sauti ya breki ikawa ya mgonjwa.

Upepo unavuja, Famau akawaza. Akaomba beseni, akakoroga sabuni ya mche mpaka ikatoa povu, akachukua brashi ya kupakia chokaa, akalala chini ya gari. Alipaka povu kila kiungo, kila paipu, kila mpira. Pale penye kuvuja, povu huvimba na kufanya mapovu makubwa. Pasipovuja, hukauka tu. Alifanya kazi hiyo mpaka adhuhuri, akaenda kusugua kucha, akasali, akarudi.

Jeilani alikuwa ameketi kivulini mwa gari akimtazama. "Fundi, tangu asubuhi unalinyoa gari hili. Ndevu hazijaisha?"

"Ninyi watu wa Mkokoni sabuni mtaijulia wapi?"

"Twaijua. Tulinunua kwenu Siyu, tukakuta ni ngozi."

Bwana Famau alicheka chini kwa chini, lakini hakumwuliza neno. Moyoni mwake aliona dereva ni wa kushika usukani. Mambo ya chini ya gari ni ya fundi.

Jumatatu alasiri alikipata alichokitafuta. Kiungo kimoja karibu na gurudumu la nyuma kilitoa mapovu, madogo, lakini mapovu. Alikifungua, akakata wasa mpya, pete ya ngozi ya kuzibia, akakikaza, akapaka povu tena. Likakauka. Jua lilikuwa halijatua alipofika nyumbani na kumwambia mama yake, "Mama, funga nguo zako. Nimeupata ugonjwa."

Bi Hadia alipapasa mpaka kwenye sanduku lake, akatoa kanga mbili, akazinusa kama zina udi, akazikunja. Kisha akamwita Twahira amsaidie kutafuta ushanga wa tasbihi.

Jumanne wakajaribu gari. Mshale ukapanda upesi kama jana. Mara ya kwanza sabini, mara ya pili hamsini na mbili, mara ya tatu thelathini na tano.

Famau alibaki kaketi kwenye kiti cha abiria. Daktari alikuwa amesimama nje, mikono nyuma. Siku ile yote Famau alipaka povu tena tangu mwanzo mpaka mwisho, na povu likakauka kila mahali. Hapakuwa na tundu hata la kupitisha unywele. Upepo haukuwa ukivuja, na bado ulikuwa ukiisha.

Nyumbani hakula. Mama yake alimsikia akisukuma sahani.

"Famau."

"Labeka, mama."

"Ukiona si salama, sema si salama. Mimi nimekaa gizani miaka mitatu, sikufa. Usinipakie gari bovu kwa kunionea huruma."

"Sitakupakia gari bovu."

"Basi kula. Mtu mwenye njaa haoni, hata akiwa na mato mawili."

Asubuhi ya Jumatano, siku moja kabla ya safari, Bwana Famau hakwenda na beseni. Alikwenda na birika la chai ya tangawizi na mikate ya kumimina, akaketi na Jeilani juu ya gogo.

"Bwana Jeilani," akasema, "gari hili wewe umeishi nalo, mimi nimelikuta. Niambie, toka uamkapo, wafanya nini?"

Jeilani alimtazama kama anayetafuta mzaha ulipofichwa. Hakuuona. Akanywa chai, akaanza. Akiamka husali. Hufagia ndani. Hutazama mafuta ya injini kwa kijiti. Hutia maji kwenye rejeta. Hujaza tangi la maji ya Daktari, lile la kuoshea mikono na vyombo.

"Na lile tangi jingine?"

"Lile la pili? Lile lilikuwa lavuja nikalitengeneza mwenyewe." Jeilani alisema hivyo kwa fahari. "Lina koki kwa chini. Dereva wa kwanza aliniambia niifungue kila asubuhi, sijui kwa sababu gani, mtu yule alikuwa na haraka, alikuwa aenda zake kwao. Nikaifungua siku mbili tatu. Mai yanamwagika. Na Daktari aliniambia siku ya kwanza, 'Jeilani, katika gari hili tone la maji lisipotee.' Mimi ni mtu wa Mkokoni, Bwana Famau. Kwetu mwanamke huenda kisimani na nyota, na kisima chenyewe chumvi. Nilichapwa kwa kumwaga kata moja ya mai. Sasa niamke kila siku nimwage? Nikaikaza ile koki, nikatia ngozi, nikafunga na waya. Tangu mwezi wa Rajabu halijamwagika tone."

Bwana Famau aliweka kikombe chini. Alinyanyuka, akachukua spana, akainama chini ya gari, akaligonga tangi la upepo kwa mpini. Tangi tupu hulia kama debe. Hili lilitoa sauti nzito, iliyokufa papo hapo, kama mtungi uliojaa. Akagonga juu kidogo, sauti ile ile. Akagonga karibu na kilele, na hapo tu ndipo lilipolia.

Akaelewa, na uso ukamwaka kwa haya. Upepo wa pwani una unyevu. Pampu ikiusindilia, unyevu ule hugeuka maji na kutuama chini ya tangi. Ndiyo sababu ya koki. Maji yasipotolewa hujaa siku baada ya siku, nayo nafasi ya upepo hupungua, mpaka tangi kubwa huwa kikombe. Kikombe hujaa upesi na kuisha upesi. Mshale uliokimbia kupanda ulikuwa umemwambia hayo tangu Jumatatu, naye akasema pampu ina nguvu, mashallah.

Angeweza kumwita Daktari. Alitazama huku na huku. Daktari alikuwa ndani na wagonjwa wake. Mambo ya mwenzio husitiriwa, lakini watu sita wasioona hawawezi kupandishwa gari juu ya jambo ambalo dereva hajalielewa. Akamwita Jeilani kwa sauti ndogo.

"Lala hapa ubavuni mwangu. Lile si tangi la maji. Ni la upepo. Ndilo breki zako."

Jeilani alilala chali. Famau akamweleza polepole, kwa kidole, pampu, paipu, tangi, magurudumu. Alipofika mahali pa kikombe kinachojaa upesi, Jeilani akafumba macho.

"Garsen," akasema.

"Garsen."

"Nilikuwa nimempakia Daktari mwenyewe."

"Mungu alisitiri. Sasa shika koleo, kata waya yako mwenyewe."

Jeilani aliikata waya, kisha akasita. Akatambaa nje, akarudi na ndoo, akaiweka chini ya koki. Famau alimtazama.

"Yatafaa kuoshea magurudumu," Jeilani akasema kwa haya.

Koki ilipofunguka, maji yalitoka kwa kishindo, meupe kama tui lililochacha, yenye mafuta na kutu. Ndoo ikajaa. Wakaleta ya pili, ikafika nusu. Mwishoni yalitoka matone, kisha upepo mtupu, na Jeilani akaweka kiganja chake hapo kuusikia.

Daktari alikuwa ameshuka, amesimama nyuma yao. Alizitazama ndoo, akaitazama waya iliyokatwa. Famau alifungua kinywa kutafuta maneno ya kumfichia mwenzake, lakini Jeilani alimtangulia.

"Ni mimi, Daktari. Nilifunga koki. Nilidhani naweka akiba."

"Ni mimi niliyekuambia tone lisipotee," Daktari akasema. "Sikukuambia ni tone la wapi." Akapanda gari kurudi kwa wagonjwa, kisha akatoa kichwa dirishani. "Bwana Famau, jaribio ni la lini?"

"Sasa hivi."

Waliwasha injini. Mshale ulipanda kwa uvivu. Famau alihesabu dakika sita kabla ya kufika tisini, na kila dakika aliipenda. Wakazima. Jeilani akakanyaga mara moja: themanini na sita. Mara ya pili, themanini na mbili. Alikanyaga mara kumi, na bado hamsini ilikuwamo.

Hilo halikumtosha Famau. Alikodi magunia kumi na mawili ya mchanga, mawili kwa kila mgonjwa, akayapanga juu ya vitanda na sakafuni. Halafu akaketi pembeni mwa Jeilani, wakalipeleka gari kwenye mteremko wa gati, mbele yao maji ya mkondo wa Lamu. Waliteremka mara tano. Kila mara Famau alisema "Sasa" mahali asipomtayarisha, na kila mara gari lilisimama, likatoa pumzi yake, likatulia. Mara ya sita Jeilani alikataa.

"Bwana Famau, magunia yameanza kulalamika."

Ndipo alipokwenda kwa Daktari na kusema, "Gari ni zima. Mama yangu atapanda."

Waliondoka Alhamisi baada ya alfajiri. Famau hakuweza kwenda, maana vitanda vilikuwa vinne, wagonjwa sita, na nafasi ya msindikizaji ilibaki moja tu. Alikwenda Tima, dada yake, kuwa macho ya wote. Kabla ya kuwasha injini Jeilani alilala chini ya gari, akafungua koki, upepo uliobaki ukatoa pumzi, akaifunga, akainuka akijikung'uta mchanga. Bi Hadia alikuwa dirishani, pazia la kijani begani mwake.

"Kuna sauti gani hiyo?" akauliza.

"Breki, mama," akajibu Famau.

"Nzuri. Yasikika kama pumzi ya babako alipovua makubadhi." Kisha akasema, "Mlete Twahira nimshike."

Habari ya kwanza ililetwa na dereva wa lori la pamba siku tatu baadaye: gari-nyumba lilishuka kivuko cha Garsen taratibu, likasimama mahali liliposimamishwa, na Jeilani alimtumia salamu Bwana Famau kwamba koki hufunguliwa kila siku na ndoo ameiacha. Habari ya pili ilikuja kwa simu ya maandishi kupitia posta ya Lamu, maneno machache ya Daktari: Bi Hadia amekatwa macho yote mawili, hana homa, amefungwa kitambaa, analala chali bila kugeuza kichwa, kitambaa kitafunguliwa Ijumaa baada ya sala.

Usiku ule ule mvua ya kwanza ilinyesha. Barabara ya Witu ikafungwa. Magari hayakuja tena, na Bwana Famau hakuwa na la kufanya ila kusugua kucha zisizo na grisi.

Siku ya Alhamisi alimchukua mkewe Jamila na Twahira, wakavuka kwenda Lamu, wakafikia kwa jamaa zao Mkomani, nyumba ya pili kutoka msikitini. Alikwenda posta kabla haijafungwa, akamwona karani, Bwana Alwi, akamweleza mara ya tatu kwamba simu ya kesho ni yake, isichanganywe na za wafanyabiashara.

"Bwana Famau," akasema Alwi, "nimekuelewa tangu mara ya kwanza. Malindi wakipiga saa nane, saa nane na robo utakuwa nayo. Nenda kapumzike."

Hakupumzika. Alikaa barazani, Twahira akicheza na kigoda cha wenyeji.

"Nyanya aniona kesho?" mtoto akauliza.

"Kesho afunguliwa kitambaa. Wewe atakuona akirudi, mvua ikiisha."

"Ataona nini kesho?"

Bwana Famau alifikiri. "Ukuta," akasema. "Au Shangazi Tima. Yeyote atakayekuwa mbele yake."

Asubuhi ya Ijumaa alikoga, akavaa kanzu yake iliyopigwa pasi, akaenda msikitini mapema kuliko wote. Sala ilipokwisha hakungoja kahawa. Alikata ndia fupi kuelekea posta, na alipofika mlango ulikuwa wazi, Bwana Alwi ameketi mbele ya mashine yake, nayo haijasema kitu. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasoro dakika kumi. Alwi alimsogezea kiti, na Bwana Famau akaketi.